Uji mzito si lazima ushibishe: Namna ya kuuongezea ladha na nguvu

KATIKA Kata ya Kasingirima, upande wa Ujiji katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, siku nyingi huanza na uji. Kabla jua halijapanda, sufuria huwa imekwishainjikwa kwa ajili ya watoto wanaokwenda shule, mafundi wanaowahi kazini na wavuvi wanaorejea nyumbani baada ya kukesha ziwani wakivua dagaa.

Jina la mji halitokani na chakula hicho, kwani Ujiji ni nchi ya Wajiji, lakini mgeni anayefika alfajiri anaweza kusamehewa akidhani hivyo.

Uji wenyewe kwa kawaida ni wa mahindi, muhogo, ulezi au mchele. Siku hizi katika maduka ya mijini hupatikana pia oti, nafaka ya nchi za baridi inayouzwa katika pakiti na makopo. Wapo wanaoiita shayiri, ingawa shayiri halisi ni nafaka nyingine, ile ambayo viwanda huitumia kutengenezea bia.

Malalamiko juu ya uji, uwe wa nafaka yoyote, hufanana. Hauna ladha mpaka utiwe sukari nyingi, tena haukai tumboni. Mtoto aliyekunywa kikombe kimoja saa kumi na mbili asubuhi huwa anasinzia darasani ifikapo saa nne, na mtu mzima huanza kutafuta kitafunwa kabla ya saa tano.

Wengi hukimbilia dawa mbili. Ya kwanza ni kuongeza unga hadi uji uwe mzito kama ugali mlaini. Ya pili ni kununua unga uliochanganywa nafaka tano, saba au zaidi, unaouzwa kwa jina la unga wa lishe. Dawa zote mbili hazigusi kiini cha tatizo, na kwa mtoto mdogo ya kwanza inaweza kumwacha na njaa zaidi.

Maji mengi, chakula kidogo

Gramu 100 za unga wa mahindi zina nguvu ya kilokalori zipatazo 360. Uji wa kunywa huhitaji takriban gramu 10 tu za unga katika kila gramu 100 za uji, hivyo kiasi hicho cha uji hubeba kilokalori 36 hivi. Sehemu iliyobaki ni maji.

Sababu ni tabia ya wanga. Chembe zake zinapochemshwa hunyonya maji, huvimba na kushikamana, na hapo unga kidogo huweza kufanya sufuria nzima ionekane nzito. Jicho huona chakula kingi, ilhali tumbo hupokea maji yaliyofungwa ndani ya wanga.

Kwa mtu mzima jambo hilo ni usumbufu tu, kwa kuwa ataongeza kikombe cha pili au atakula mhogo wa kuchemsha. Kwa mtoto mchanga ni hatari, maana tumbo lake ni dogo. Inakadiriwa kuwa tumbo la mtoto hupokea kwa mlo mmoja gramu 30 za chakula kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa miezi minane mwenye kilo nane, kwa hiyo, hushiba kwa gramu 240, yaani kikombe kimoja.

Kikombe hicho kikiwa cha uji wa kawaida wa mahindi, atakuwa amepata kilokalori zisizofika 90. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mtoto anayenyonya vizuri anahitaji kutoka katika chakula cha nyongeza kilokalori zipatazo 200 kwa siku akiwa na miezi sita hadi minane, 300 kuanzia miezi tisa, na 550 baada ya kutimiza mwaka mmoja. Ili afikie kiasi hicho cha mwisho kwa uji mtupu, ingempasa anywe zaidi ya vikombe sita kila siku.

Uji wa muhogo una upungufu mwingine juu ya huo. Unga wa mahindi una protini ya gramu nane hivi katika kila gramu 100, lakini ule wa muhogo huwa na gramu moja au mbili tu. Mtoto anayelelewa kwa uji wa muhogo peke yake huweza kuonekana mnene kwa muda huku mwili wake ukikosa vitu vya kujengea.

Uji si chanzo pekee cha udumavu. Maradhi ya kuhara, malaria na mama kukosa muda wa kulisha nayo huchangia. Hata hivyo, uji ndio chakula cha kwanza cha watoto wengi nchini, na tafiti za kitaifa za afya zilionyesha kuwa asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa katika utafiti wa mwaka 2015 na 2016, na asilimia 30 katika ule wa mwaka 2022.

Kimea, siri ya wapika pombe

Jibu la tatizo la maji lilikuwa likijulikana na wapika pombe wa Tanzania tangu zamani. Nafaka iliyooteshwa, yaani kimea, huyeyusha uji mzito. Mbegu inapochipua hutoa vimeng'enya vya kuuvunja wanga wake ili mche upate chakula, na vimeng'enya hivyo havichagui, vikitiwa katika sufuria ya uji huvunja wanga uliomo humo pia.

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1973, ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuitazama kazi hiyo ya kimea kwa jicho la lishe ya mtoto. Katika miaka ya 1980 kimea kilihimizwa vijijini, hasa wakati wa mpango wa lishe wa Mkoa wa Iringa ulioanza mwaka 1983 kwa ushirikiano wa WHO na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF), kwa fedha za Serikali ya Italia. Elimu hiyo baadaye ilififia, na akina mama wengi wa mijini hii leo wanakijua kimea kama kitu cha kilabuni tu.

Kukitengeneza hakuhitaji mtambo. Ulezi uliochaguliwa vizuri huoshwa, ukalowekwa usiku kucha, kisha ukachujwa na kutandazwa katika chombo safi na kufunikwa kwa kitambaa kibichi. Baada ya siku mbili au tatu huwa umechipua. Huanikwa juani hadi ukauke kabisa, ukafikichwa ili machipukizi yaanguke, ukapepetwa na kusagwa.

Mtama nao hufaa, lakini machipukizi yake yana sumu ya sayanaidi, hivyo ni lazima yaondolewe yote. Kwa mtu anayeanza, ulezi ni salama zaidi.

Matumizi yake yana utaratibu ambao ukikosewa kazi yote hupotea. Kwanza hupikwa uji mzito, wa unga mara mbili ya kawaida, hadi uive. Kisha sufuria huepuliwa na kuachwa ipoe kidogo, kwa sababu vimeng'enya hufa katika uji unaotokota. Ukiwa bado moto lakini hauchemki, hutiwa kijiko kimoja cha chai cha kimea kwa kila kikombe na kukorogwa. Ndani ya dakika kama kumi, uji uliokuwa hauanguki kutoka kwenye mwiko huanza kutiririka. Hapo hurudishwa jikoni na kuchemshwa tena, kwa kuwa kimea kibichi kinaweza kubeba vijidudu.

Kinachobaki katika sufuria ni uji mwepesi wa kunyweka, wenye unga mwingi ndani yake. Kikombe kile kile cha gramu 240 sasa kina kilokalori zipatazo 170, tena ni kitamu bila sukari, kwa kuwa sehemu ya wanga imegeuka kuwa sukari ya asili.

Mawese na dagaa

Pamoja na hayo, Kigoma ina vitu viwili ambavyo mikoa mingi huviagiza kwa gharama, navyo ni mawese na dagaa.

Mafuta ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuuongezea uji nguvu bila kuongeza ujazo. Kijiko kimoja cha chai cha mawese, gramu tano hivi, kina kilokalori 45. Kikombe cha uji wa kawaida kilichokuwa na kilokalori 86 huwa na zaidi ya 130 mara baada ya kijiko hicho, ongezeko la nusu nzima. Mafuta pia huchelewesha chakula kutoka tumboni, ndiyo maana uji wenye mafuta hukaa.

Wekundu wa mawese ni wa maana. Rangi hiyo hutokana na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho na kinga ya mtoto. Mpishi anayeyachoma mawese kwanza hadi yawe meupe ili kuondoa harufu huwa ameitupa hazina hiyo. Kwa uji, hutiwa mwishoni, sufuria ikiwa karibu kuepuliwa.

Dagaa huleta protini, na kwa kuwa huliwa wazima na miiba yao, huleta pia madini ya kalisi. Waliokaushwa juu ya chanja hufaa zaidi kuliko walioanikwa mchangani, kwa sababu mchanga ukishaingia katika unga hautoki. Husafishwa, wakakaangwa bila mafuta kwa moto mdogo hadi wavunjike kwa vidole, kisha hutwangwa na kuchekechwa. Kijiko kimoja cha chakula kwa bakuli la uji kinatosha.

Harufu ndiyo huwakimbiza wengi. Kule kukaanga huipunguza sana, na tangawizi kidogo pamoja na ndimu humaliza kazi. Uji wa dagaa hautiwi sukari. Anayeutia sukari kisha akasema dagaa hawafai katika uji amewaonea.

Bei ya dagaa, hata hivyo, hupanda na kushuka. Mwaka 2024 Serikali ililifunga Ziwa Tanganyika kwa shughuli za uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Wanaosaga dagaa wakati wa wingi na kuwahifadhi katika kopo kavu lililofunikwa vizuri hupunguza makali ya vipindi kama hivyo.

Pasipo dagaa, karanga huziba pengo, kwani robo ya uzito wake ni protini na karibu nusu ni mafuta. Lakini karanga na mahindi vilivyoota ukungu huwa na sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye uchungu hutupwa, haichanganywi na nzima ili ionekane nyingi.

Unga wa nafaka saba

Kuhusu unga wa lishe wenye nafaka nyingi, hoja ni rahisi. Mahindi, mchele, ngano, mtama na uwele ni kundi moja la chakula. Kuzichanganya zote ni sawa na kuvaa mashati matano bila suruali. Nafaka moja, ikiongezewa kitu kimoja cha protini na kimoja cha mafuta, humfaa mtoto kuliko nafaka saba peke yake.

Ulezi unastahili kutajwa pekee, kwa sababu kalisi yake ni takriban mara kumi ya ile ya nafaka nyingine.

Kasoro kubwa zaidi ya michanganyiko hiyo ni soya kusagwa mbichi. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kusaga protini, na uji wa dakika kumi hautoshi kuviharibu. Sharti soya ichemshwe kwanza, imenywe maganda, ikaushwe ndipo isagwe. Tena mchanganyiko wenye soya au karanga huchacha upesi, kwa hiyo pakiti iliyokaa dukani miezi mingi si ya kuaminiwa.

Muhogo nao una tahadhari yake. Ule mchungu ni lazima uvundikwe majini kwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri kabla ya kusagwa ili sayanaidi itoke. Huko Tarime, mkoani Mara, mwaka 1985 watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, ambao huhusishwa na kula muhogo mchungu ulioandaliwa kwa haraka wakati wa njaa.

Mtu mzima na bakuli la oti

Kumshibisha mtu mzima ni kazi tofauti, na hapa ndipo ushauri mwingi hupotoka. Mtoto anahitaji nguvu nyingi katika kiasi kidogo cha uji. Karani, dereva au mwalimu anayetaka kufika saa saba bila njaa anahitaji uji unaosagwa polepole tumboni. Kimea, kinachomfaa sana mtoto, hakimfai mtu mwenye kisukari, kwa kuwa kimekwishauvunja wanga na sukari huingia katika damu kwa kasi.

Oti ina sifa hiyo ya upole. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, lililochapishwa mwaka 1995, vyakula 38 vyenye kilokalori sawa vilipimwa uwezo wake wa kushibisha kwa saa mbili. Mkate mweupe ukiwa umepewa alama 100, uji wa oti ulipata 209, ukitanguliwa na viazi vya kuchemsha vilivyopata 323 na aina moja ya samaki iliyopata 225.

Ute unaoonekana bakulini ni nyuzinyuzi ziitwazo beta-glukani, ambazo huchelewesha usagaji na kupunguza lehemu katika damu. Mwaka 1997 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu wauzaji wa oti waitangaze kuwa husaidia moyo, ikitaja kiasi cha gramu tatu za nyuzinyuzi hizo kwa siku.

Sifa hiyo hupungua kadiri oti inavyosagwa. Ile ya vipande vipana hushibisha kuliko ile laini inayoiva kwa maji ya moto tu, na pakiti zenye sukari na ladha za matunda ya kiwandani ni bora ziachwe rafuni. Kikombe kimoja cha oti ya vipande hulowekwa usiku katika vikombe viwili vya maji, asubuhi hupikwa kwa moto mdogo dakika tano, na maziwa huongezwa mwishoni. Yai lililopigwa, likimiminwa taratibu huku uji unakorogwa na kuachwa liive, huongeza protini bila kuacha ladha ya yai.

Asiye na fedha ya oti hapungukiwi. Unga wa dona, ambao haukukobolewa, hubaki na pumba na kiini chake na hukaa tumboni kuliko sembe. Maharage yaliyochemshwa na kupondwa, yakikorogwa ndani ya uji wa dona wenye chumvi na mawese, ni mlo kamili.

Sukari ipungue, ladha iongezeke

Ladha ya uji huanzia kwenye unga mkavu. Unga wa ulezi au oti ukikaangwa bila mafuta kwa dakika tatu au nne, hadi utoe harufu ya karanga, huwa na utamu ambao sukari haiwezi kuuiga. Hupozwa kabla ya kukorogwa katika maji baridi, la sivyo utafanya madonge.

Kisha chumvi, chembe kidogo tu. Waskoti, ambao oti ni nafaka yao ya jadi, kwa desturi huutia uji wao chumvi badala ya sukari. Ndiyo nchi alikozaliwa mwaka 1813 David Livingstone, ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871 akiwa ameishiwa. Wakazi wa Kigoma hawana haja ya kuagiza chumvi Scotland, kwani ya Uvinza imekuwa ikipikwa kwa karne nyingi. Kinachotakiwa ni kuhakikisha iliyonunuliwa ina madini joto. Uji wa mtoto wa chini ya mwaka mmoja hautiwi chumvi, wala hautiwi asali, ambayo inaweza kuwa na vijidudu vya sumu kwa umri huo.

Uchachu ni ladha inayosahauliwa. Unga ukivurugwa na maji usiku na kufunikwa mahali penye joto, asubuhi huwa umechachuka kwa bakteria wale wale wanaogandisha maziwa, na asidi yao huzuia vijidudu vingi vya kuhara kuzaliana. Nchini Kenya uji wa namna hiyo unapendwa sana, na kusini mwa Tanzania togwa hutumia kimea na uchachu kwa pamoja. Ndimu au unga wa ubuyu hutoa ladha ya jirani na hiyo, na vitamini C iliyomo husaidia mwili kupokea madini ya chuma. Chai ya rangi hufanya kinyume, kwa hiyo inafaa inywewe saa moja baadaye.

Kwa wapendao utamu, ndizi mbivu iliyopondwa au tende mbili tatu hutosha. Hiliki na mdalasini huifanya pua iamini kuwa sukari ipo. Katika mwezi wa Ramadhani, uji wa mchele wenye pilipili manga hupendwa wakati wa futari. Pwani hutiwa tui la nazi, na pasipo nazi maziwa huchukua nafasi yake. Visiwani Zanzibar na huko Oman, oti huingia katika shurba, ikipikwa na nyama, kitunguu, nyanya na bizari, bila sukari kabisa. Anayesema oti haina ladha huenda hajaijaribu hivyo.

Unga wa kimea uliosagwa huhifadhiwa katika kopo kavu lenye kifuniko, mbali na jua na mvuke wa jikoni, na ni vizuri kusaga wa wiki chache tu kwa wakati mmoja. Ukianza kunusa uvundo, au kijiko kile kile kikishindwa kuulegeza uji ndani ya robo saa, huo umekwisha kazi yake na unapaswa kutengenezwa mwingine.